Mhariri, Mathias Boe hajawahi kucheza tenisi

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Tabora. Nasoma gazeti lenu tangu enzi zile linafika hapa stesheni na treni siku ya pili yake na bado tulikua tunaligombania, kwahiyo msinione mkorofi, lakini juzi kwenye ule ukurasa wenu wa mastaa mmeandika habari ya yule mcheza filamu wa Kihindi, Taapsee Pannu, mkasema ameolewa na mzungu mmoja mcheza tenisi. Basi, mkaishia hapo. Jina hakuna, nchi hakuna, na mchezo wenyewe mmekosea. Nilikua nakunywa chai kibandani kwangu nikaiweka chini mpaka ikapoa.

Huyo mzungu mmoja anaitwa Mathias Boe, mtu wa Denmark, na tenisi hajawahi kucheza kwa kazi hata siku moja. Yeye ni badminton, mpira wa vinyoya, tena wa wawili wawili, ule sisi tunaita dabo. Kumwita mcheza tenisi ni sawa na mtu aamke aandike kwamba Filbert Bayi, mkimbiaji wetu, alikua bingwa wa bao.

Najua mtajiuliza fundi baiskeli wa Ng'ambo huku Tabora haya mambo kayajulia wapi. Nisikilizeni. Miaka ya tisini nikiwa kijana nilikua nabeba majora ya vitambaa kwenye duka la mzee mmoja wa Kihindi, watoto wake wote walikua wameshaondoka, na uani kwake kulikua na sakafu nzuri ya saruji. Jioni akishafunga duka anafunga kamba ya kuanikia nguo katikati, anatuita, mimi na binamu yangu na kijana mwingine wa jirani, tuwe wanne. Singo alikua hataki kabisa, alikua anasema mmoja kwa mmoja ni mchezo wa wagomvi. Ni dabo tu, kila siku ya Mungu, labda upepo uwe mkali, maana kinyoya na upepo haviivi chungu kimoja, na Tabora miezi ya kiangazi unapiga kinyoya mbele kinarudi nyuma kukupiga usoni.

Vinyoya vya dukani vilikua ghali, ikabidi tutengeneze vyetu. Unakata kisigino cha ndala kiwe duara, unachomeka manyoya ya kuku, unafunga na uzi. Vilikua vinaruka kama mlevi anayetoka kilabuni, mara huku mara kule, na mi miaka yote nikidhani shida ni ndala, hadi nilipopata simu yenye intaneti nikaja kusoma kwamba kinyoya cha mashindano kina manyoya 16 ya bata bukini na yote yanatoka bawa la upande mmoja, ndio maana kikiruka kinazunguka kwa mwelekeo mmoja tu. Sisi tulikua tunachanganya bawa la kulia na la kushoto la jogoo wa jirani. Na jogoo mwenyewe alikua hatupendi.

Binamu yangu ndo alikua patna wangu, na ni mashoto. Hapo ndo nilipoanza kumpenda huyu Boe maana na yeye ni mashoto, na patna wake Carsten Mogensen ni mkono wa kulia kama mimi. Kwenye dabo hilo sio jambo dogo. Mkiwa mnashambulia mnasimama mmoja mbele karibu na neti mwingine nyuma, mkishambuliwa mnafunguka bega kwa bega, sasa wakiwa wote wawili wa kulia katikati kuna sehemu kila mtu anamwachia mwenzie na kinyoya kinaanguka mnatazamana kama mmeibiwa. Lakini mashoto akisimama kushoto na wa kulia akasimama kulia mikono yenye nguvu yote iko nje inalinda pembeni, wakibadilishana inakutana katikati, na adui kila saa inabidi afikirie upya nani yuko wapi. Boe alikua ni wa mbele zaidi. Sevisi yake fupi, lile pigo la kuanzisha, inapita juu ya neti karibu iiguse, alafu yeye mwenyewe ameshasogea anasubiri jibu, akiona kimenyanyuka kidogo tu anakiua. Mogensen nyuma anapiga smashi, yaani anakishindilia chini kwa nguvu zote. Ukiwatizama unadhani wanaongea kumbe hakuna anayefungua mdomo.

Sasa huyo mtu mliyemnyima jina amefanya nini. Amezaliwa Julai 11, 1980, siku nane tu kabla Olimpiki ya Moscow haijafunguliwa, ile ambayo Bayi na Suleiman Nyambui walituletea medali za fedha, na mpaka leo nchi yetu nzima medali za Olimpiki ni hizo mbili basi. Nataja hilo makusudi maana huyu Boe na yeye ana fedha ya Olimpiki, London 2012, na watu wakisikia fedha wanasema aah kumbe alishindwa. Nani kati yetu Tanzania ana ubavu wa kuidharau fedha?

Na alivyoipata. Nusu fainali pale Wembley walikutana na Wakorea, Chung Jae-sung na Lee Yong-dae, watu hatari kwelikweli, seti ya kwanza Wadenmark wakapigwa 21-17, ya pili wakarudisha 21-18, ya tatu ikaenda hadi 22-20. Mi nimeitizama hiyo gemu kwenye simu si chini ya mara kumi na bando langu limeshapotelea humo, na kila nikifika zile pointi za mwisho mkono unaniuma utadhani nacheza mimi. Fainali wakaangukia kwa Wachina Cai Yun na Fu Haifeng, 21-16, 21-15, hakukua na ubishi. Huyo Fu Haifeng mwaka 2005 smashi yake ilipimwa kilometa 332 kwa saa. Hii SGR tunayoisubiri kwa hamu ipite hapa Tabora imetengenezwa kwenda 160. Yaani kinyoya kinatoka kwenye raketi na spidi ya treni mbili, na Boe amesimama mbele na kiraketi chake anatakiwa akirudishe, tena kwa adabu, kisinyanyuke.

Mwaka uliofuata wakafika fainali ya ubingwa wa dunia kule Guangzhou, wakapigwa tena, safari hii na Waindonesia Mohammad Ahsan na Hendra Setiawan. Fedha nyingine. All England, mashindano makubwa ya badminton kule Uingereza, walikua wameshaichukua 2011 kwa kuwafunga Wamalaysia, na All England sio kombe la mbuzi, mashindano hayo yana umri zaidi ya miaka mia moja, yalianza 1899, kwa watu wa kinyoya ukishayachukua hata ukistaafu kesho yake umeshaishi. Wameshakua namba moja duniani. Ubingwa wa Ulaya wameuchukua 2012 na 2017. Na kumbukeni Denmark ni nchi ya watu kama milioni sita, mkoa wetu wa Tabora peke yake sensa ya 2022 ulipita milioni tatu, kwahiyo wale ni kama sisi na Kigoma tukijumlishwa, halafu wanasimama mbele ya China na Indonesia. Wenzetu vijiji vingi vina ukumbi, wana vilabu vya mtaani ambako mtoto na babu yake wanalipa ada kidogo wanacheza ndani ya ukumbi mmoja, upepo hauingii. Hapo kwenye upepo kutoingia nawaonea wivu sana.

Lakini Mhariri, kilichonifanya nikae chini niandike barua hii ndefu si medali. Ni mwaka 2014.

Januari mwaka huo walikua Korea Kusini kwenye mashindano. Mogensen, huyo patna, akiwa na miaka 30, mzima kabisa, damu ikavuja kwenye ubongo. Akalazwa hukohuko ugenini. Mtu ambaye kazi yake yote ni kuona kitu kidogo kinakuja kwa kasi na kuamua kabla hujapepesa jicho, leo ubongo wenyewe ndo umepata hitilafu. Jiulize wewe ndo Boe, una miaka 33, mashoto, umejenga maisha yako yote ya uwanjani juu ya mtu mmoja ambaye unajua akiinua bega anataka kufanya nini, na sasa hujui hata kama atasimama. Singo mchezaji akiumia ni shida yake. Dabo akiumia mmoja mnaumia wawili, na wewe mzima hakuna anayekupa pole.

Mi hili nalijua kwasababu binamu yangu alipata kiharusi mwaka 2019. Tulikua tumemaliza kucheza, kwa maana tulikua bado tunacheza, watu wazima na vitambi vyetu, kwenye kiwanja cha udongo nyuma ya kibanda changu, akaniambia we fundi raketi imekua nzito. Nikacheka. Nikamwambia umezeeka. Baada ya dakika kama ishirini mdomo ukawa unavutika, na mpaka nimtafutie usafiri, na tulipofika tukaambiwa tusubiri, nani atasaini, nani amekuja na hela, basi masaa yakaenda. Hospitali siitaji na sina lengo la kugombana na mtu. Alipona ila upande wa kulia umebaki dhaifu. Watu wakawa wanamwambia bahati yako wewe mashoto, mkono wa kazi umebaki. Ni kweli mkono umebaki, lakini dabo inachezwa na miguu, na mguu ndio ulioondoka.

Miezi sita ya kwanza alikua hataki kuiona raketi. Nilienda kwake Isevya kila Jumapili tunakaa tunaangalia ukuta. Ndo siku moja nikiwa napekuwa pekuwa kwenye simu nikakuta habari ya Mogensen, kwamba mwaka uleule alioanguka alirudi uwanjani, nikamsomea. Akaniambia wazungu wana madaktari. Nikamwambia sawa, lakini tizama hii, nikamwekea fainali ya All England ya 2015. Miezi kumi na minne tu tangu damu ivuje kichwani, Mogensen yuleyule, Boe yuleyule, na upande wa pili nani? Fu Haifeng. Yuleyule wa London, safari hii na Zhang Nan, jozi ambayo mwaka uliofuata ilichukua dhahabu ya Olimpiki kule Rio. Na Wadenmark wakawafunga seti mbili kavu. Binamu yangu alikua amelala akakaa. Mwisho wa ile gemu hakusema kitu, aliniambia tu nirudishe nyuma kidogo pale Boe alipopiga sevisi, nikarudisha, akasema tena, nikarudisha. Bando likaisha, tukatuma mtoto vocha.

Siku hizi jioni anakuja kibandani anakaa kwenye benchi anahesabu pointi, na ni mkali kuliko refa yeyote. Mi nacheza na kijana wa bodaboda, ana nguvu sana ila hajui kukaa mbele, kila saa anarudi nyuma kutafuta smashi kama vile mbele kuna nyoka. Binamu anampigia kelele, we kaa kama Boe. Kijana hajui Boe ni nani. Sasa siku ile ya gazeti lenu kijana ndo alilileta, akafungua ukurasa wa mastaa, akasema kwa furaha kabisa, huyu si ndo yule mzee wenu, kumbe ni mcheza tenisi. Mnaona mlivyotuweka.

Nimalizie kisa maana nyie mliruka. Mwaka 2016 Denmark ikachukua Thomas Cup, ndo kombe la dunia la timu za wanaume, kule Kunshan China, fainali wakaifunga Indonesia 3-2, na ikawa nchi ya kwanza ya Ulaya kulibeba tangu lianzishwe miaka ya arobaini. Gemu ya mwisho ya kuamua aliicheza Hans-Kristian Vittinghus, singo, kwahiyo picha zote ni zake, na sio vibaya, alistahili. Ila ndo maisha ya watu wa dabo hayo. Hata mkishinda wawili picha inakua ya yule aliyeruka juu, yule aliyekaa mbele akamtengenezea kinyoya hayumo, au yumo nusu bega.

Mwaka 2018 Boe na Mogensen wakaachana uwanjani, Boe akawa anacheza na Mads Conrad-Petersen, na Aprili 2020 akatangaza amestaafu, miaka 39. Olimpiki ya Tokyo ilikua imesogezwa mwaka mmoja mbele kwa ajili ya korona, na mwaka mmoja kwa magoti ya mtu wa miaka 39 sio mwaka mmoja. Akaenda India kuwa kocha wa vijana wawili, Satwiksairaj Rankireddy na Chirag Shetty. Hao walichukua dhahabu ya michezo ya Asia kule Hangzhou Oktoba 2023, dhahabu ya kwanza kabisa ya India kwenye badminton ya mashindano hayo, na mwezi huohuo wakawa namba moja duniani. Paris 2024 wakatolewa robo fainali na Wamalaysia na Boe akaaga ukocha. Katikati ya hayo yote ndo akamuoa huyo dada, sherehe ilifanyika Udaipur Machi 2024, na hiyo sherehe ndo kitu pekee mlichokiona nyie katika miaka zaidi ya ishirini ya kazi.

Mke wangu anasema mi nina kisirani, gazeti lazima liuze na Bollywood inauza, na yeye mwenyewe filamu za Kihindi zilizowekwa sauti za Kiswahili ndo zake, akiwasha nyumba nzima tunanyamaza. Sina ugomvi na Bollywood. Pannu ni msanii mkubwa muandikeni. Ila mngeandika mstari mmoja tu, kwamba mume wake ni Mathias Boe wa Denmark, mchezaji mstaafu wa badminton, medali ya fedha Olimpiki 2012. Nimehesabu, maneno hayo yanaingia palepale mlipoweka zile alama tatu za mshangao.

Na mkipata nafasi siku moja kwenye kurasa za michezo, baada ya Simba na Yanga kushiba, tafuteni watu wa dabo wa hapa kwetu. Wapo. Dar wapo, Arusha wapo, na huku bara wapo wazee waliojifunza uani kwenye maduka kama sisi, na vijana wanaocheza kwa kinyoya cha plastiki kimepasuka kimefungwa solotepu. Lakini mkija naomba mpige picha wote wawili. Mkimpiga mmoja tu mtakua hamjaja.

Naomba basi masahihisho yatoke, hata kwa herufi ndogo chini kabisa pale mnapowekaga. Binamu yangu ameshaandaa mkasi. Anasema mkiitoa ataikata aibandike ukutani kibandani juu ya pale ninapotundika tairi, kijana wa bodaboda awe anaiona kila anapotaka kurudi nyuma. Kama hamtaitoa nitawaandikia tena mwezi ujao, muda ninao, kiangazi hiki upepo ni mwingi hatuchezi.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi baiskeli, Ng'ambo, Tabora